Jinsi ya kujenga kazi ya uandishi bila kujipima kwa waandishi wenzio

Ukikaa kwenye magrupu ya waandishi muda mrefu lazima utamwona huyu mtu, anaandika vizuri tu, sura ya tatu, sura ya nne, halafu mwenzie anapost kava la kitabu kipya linapata laiki 400 na jamaa anafunga laptopu wiki nzima. Wenzake watamwambia jiamini, kila mtu na wakati wake. Maneno matamu, ila saa tano usiku ukiwa peke yako na simu mkononi hayakusaidii kitu. Mi naona dawa ni kujua unahesabu nini, maana wengi wanaojilinganisha wanalinganisha biashara ambazo hata hazifanani.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kaa chini ujue uko soko gani. Kuna soko la shule, hili ndo linavuruga vichwa vya watu kuliko yote. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya fasihi ya sekondari, wanafunzi wananunua kwa sababu kuna mtihani, siyo kwa sababu wamelipenda jina la mwandishi, na kikitolewa kwenye orodha mauzo yanashuka hata kama hakuna neno moja lililobadilika ndani yake. Sasa we una riwaya ya mapenzi na mauaji unajiuliza mbona fulani anauza maelfu na mi hata boksi moja haliishi, kwani mna mnunuzi mmoja? Yeye anauziwa na mtaala. Na kama unataka soko hilo sawa, ni soko halali, ila lina masharti yake, lugha, maadili, urefu, mada, kwa hiyo kaa na muhtasari wa somo usome ndo uandike.

Halafu kuna soko la simulizi za kwenye simu. Unaweka sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure Facebook, wasomaji wakishapata arosto wanaanza kulia kwenye komenti, lete vitu, unawaambia iliyobaki iko grupu la WhatsApp, tuma buku kwa M-Pesa uingizwe. Wapo wanaolidharau hili soko, na mi siwaelewi, maana kumfanya mtu asiye na kawaida ya kununua kitabu atoe hela usiku kujua nani kamuua baba mkwe ni ufundi mkubwa.

Chukua hesabu, namba ni za mfano tu. Tuseme mchapishaji anakupa mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, wa asilimia 10 na kitabu kinauzwa 8,000, kila nakala inakupa 800. Mwenye simulizi ana watu 200 waliolipa 1,000 kila mmoja, kapata 200,000. We ili uifikie hiyo hela kitabu chako kiuze nakala 250, na malipo yako huenda yakaja mara moja kwa mwaka. Sasa kuna wa tatu kajichapishia nakala 500 kwa 4,000 kila moja, katoa milioni 2 mfukoni, anauza 10,000, maduka yanataka kamisheni, na ile picha ya maboksi aliyopost haioneshi hizo milioni 2 kazitoa wapi. Nani kafanikiwa kuliko mwenzie hapo? Huwezi kujibu. Kulinganisha hawa watatu ni kupima mchele kwa futi.

Ukishajua soko lako, fungua daftari. Karatasi kabisa, ya shilingi 500, weka mbali na simu. Kila siku uliyoandika, andika tarehe, umeongeza maneno mangapi au umefuta mangapi (kufuta nako ni kazi, usijinyime), na jambo moja lililokushinda kwenye ukurasa wa siku hiyo, mfano "mazungumzo ya mama na binti yamekuwa hotuba" au "sijui namna ya kumtoa huyu mhusika jikoni". Baada ya miezi michache rudi usome hayo yaliyokushinda, utaona mengine hayapo tena na mengine yanajirudia kila wiki, basi hayo yanayojirudia ndo somo lako la mwaka. Ukitaka kujilinganisha na mtu jilinganishe na mwenye daftari. Ukurasa wa nyuma weka hela, iliyoingia na iliyotoka, pamoja na bando.

Kwenye simu kuwa mkali. Huna haja ya kumblok mtu wala kugombana, myuti tu statasi za wale wanaokuvuruga wakati una muswada mezani, ukimaliza rasimu warudishe. Na magrupu ya waandishi yasome baada ya kuandika, kamwe si kabla. Ukianza asubuhi kwa kusoma nani kashinda nini, siku hiyo utaandika ukiwa unawaza majaji badala ya wahusika wako.

Wivu utakuja tu, we ni binadamu, kwa hiyo upe kazi. Mwandishi anayekukera kwa kuuza sana, nunua kitabu chake, nunua kwa hela, kisome mara ya pili na penseli. Tafuta sehemu moja tu ambayo ulishindwa kukiweka chini halafu uangalie kaifanyaje, kaficha taarifa gani, sura kaikatia wapi, sentensi ya kwanza ya sura inayofuata inajibu swali au inaongeza lingine. Ukimsoma hivo anaacha kuwa mpinzani anakuwa mwalimu wa bei rahisi sana. Na ukigundua hakuna kitu umejifunza pia umefaidika, sasa unajua mauzo yake yanatoka kwingine.

Kuhusu muda sitasema mengi, angalia tu Abdulrazak Gurnah. Kazaliwa Zanzibar 1948, riwaya yake ya kwanza imetoka 1987, yaani anakaribia miaka 40, na Tuzo ya Nobeli ya Fasihi ikaja Oktoba 2021. Wengi wetu huku tulilisikia jina lake siku hiyo hiyo tukaanza kubishana ni wa kwetu au wa Uingereza. Miaka yote hiyo katikati alikuwa anafundisha chuo kikuu na anatoa riwaya. Na Shaaban Robert aliandika akiwa ameajiriwa serikalini enzi za mkoloni, forodhani na idara nyingine. Kwa hiyo kama unaona aibu kwamba we bado ni mwalimu au muuza duka halafu fulani "ni mwandishi full time", iache hiyo aibu, mshahara ndo unakuwezesha kukataa mkataba mbovu.

Tuzo zitumie kama kalenda. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inatolewa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, na kuna ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza miaka ya 2010 ikihusishwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Deadline inakusukuma umalize, hiyo ndo faida ya uhakika kuliko zote. Soma masharti, tuma, kesho yake anza muswada mwingine ili matokeo yakitoka yakukute na kazi mkononi. Ukikosa, kumbuka majaji wamesoma muswada mmoja, hawajasoma maisha yako, na muswada huo huo unaweza kuupeleka kwa mchapishaji wiki inayofuata.

Tafuta wasomaji wa majaribio watatu hivi ambao siyo waandishi. Mwandishi mwenzio atakuambia yeye angeandikaje. Msusi wako au dereva wa boda atakuambia alipochoka, na hicho ndo unachotaka kujua.

Na siku mwenzio kapost mkataba mpya, mpongeze hapo hapo, kabla hujaanza kuwaza. Kisha mfate inboksi umuulize, kwa heshima, mambo ya kazi. Mhariri alimkatia nini. Mrabaha unahesabiwa kwenye bei ya dukani au kwenye kile mchapishaji anachopokea, maana tofauti yake ni kubwa. Malipo yanakuja kila baada ya miezi mingapi, na je anaoneshwa hesabu ya nakala zilizouzwa. Mkataba ni wa miaka mingapi. Haki za kukifanya kitabu cha sauti au filamu kabaki nazo au zimekwenda zote kwa saini moja, hili la mwisho usisahau, na akikujibu liandike kwenye lile daftari ukurasa wa nyuma.