Leseni unayo, barabara bado unaiogopa? Anza hivi

Wengi Dar es Salaam hufundishwa kwa gari la klachi, kisha hujikuta na IST au Vitz ya otomatiki. Leseni ipo, gari lipo uani, funguo hazishikwi. Uoga huo huwa na mahali unapotokea: hujui ubavu wa kushoto unaishia wapi, mguu hauna uhakika na pedeli, na hujui anayepiga honi nyuma anataka nini. Kila kimoja kina zoezi lake, na mazoezi hayo husaidia kuliko kuambiwa "jikaze".

Hatua ya 1: Kaa sawasawa

Sogeza kiti mpaka ukikanyaga breki hadi mwisho, goti libaki limepinda kidogo. Mgongo ukiwa umeegemea, nyoosha mikono: vifundo vifike juu ya usukani. Kati ya kifua na usukani ziachwe sentimita 25 au zaidi, maana eabegi hufyatuka kwa nguvu. Mwoga huvuta kiti mbele akidhani ataona vizuri. Anachopata ni mabega yaliyokakamaa na macho yaliyoganda kwenye boneti, ndiyo maana gari linayumba. Macho yatazame mbali, kule utakakokuwa baada ya sekunde kumi hivi.

Hatua ya 2: Mguu mmoja tu

Kwenye otomatiki, mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki na mafuta. Wa kushoto uuweke pembeni kabisa. Aliyezoea klachi akishtuka huukandamiza mguu wa kushoto kwa nguvu zote, unakuta breki, na wa nyuma anakuingia.

Weka kisigino cha kulia sakafuni usawa wa breki. Gari likiwa limezimwa, geuza ncha ya mguu: breki, mafuta, breki, mara 20 bila kuangalia chini. Kukanyaga mafuta ukidhani ni breki hutokea sana wakati wa kurudi nyuma, kwa sababu kiwiliwili kikigeuka kisigino nacho huhama. Kwa hiyo kanyaga breki kwanza, ndipo uweke R, kisha legeza breki gari litambae lenyewe. Mafuta ya nini hapo?

Hatua ya 3: Lijue gari linapoishia

Usukani uko kulia, kwa hiyo kinachotisha ni mtaro wa kushoto. Dereva mpya hujiweka yeye mwenyewe katikati ya njia badala ya kuliweka gari, na gari linaishia kuukumbatia mtaro.

Tafuta uwanja mtupu. Chora mstari wa chokaa wa mita 20, kisha pita polepole ukijaribu kuukanyaga kwa matairi ya kushoto. Simama, vuta handibreki, shuka ukaangalie. Rudia mpaka tairi la mbele liwe juu ya mstari kabisa. Sasa kaa kama kawaida, utazame mstari unakatiza wapi kwenye boneti: mara nyingi ni karibu na katikati, jambo linalowashangaza wengi. Bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye sehemu ya chini ya kioo cha mbele, usawa wa hapo. Barabarani, ukingo wa lami ukifika kwenye selotepu, ujue tairi liko ukingoni. Alama hiyo ni ya urefu wako. Kiti kikisogezwa, inahama.

Kisha weka ndoo ya plastiki mbele. Isogelee taratibu mpaka uone gari linakaribia kuigusa, simama, shuka upime. Nafasi iliyobaki huwa kubwa kuliko ulivyodhani. Fanya hivyo na nyuma.

Hatua ya 4: Njia moja, saa tofauti

Chagua mzunguko wa kilomita 3 hadi 5 wenye kona nyingi za kushoto, kwa sababu hukatizi magari yanayokuja. Anza Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, dakika 30 zinatosha. Njia hiyo hiyo irudie katikati ya wiki saa 5 asubuhi, foleni ikiwa imepungua, halafu jioni. Ukiijua njia, akili inabaki na kazi ya kutazama magari tu. Barabara ya Morogoro na ya Nyerere zisubiri.

Abiria awe mmoja, asiyepiga kelele. Kubalianeni maneno mawili: "punguza" na "simama". Anayesema "angalia!" bila kusema nini, bora abaki nyumbani.

Hatua ya 5: Ingia kwenye magari

Ukisimama kwenye foleni, yaone matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Hapo una nafasi ya kuchomoka. Daladala ambayo konda ananing'inia mlangoni itasimama wakati wowote, hata bila indiketa. Ukitembea, gari la mbele likipita nguzo, hesabu sekunde tatu kabla hujaifikia: kwenye 50 kwa saa ni kama mita 42. Bodaboda ataijaza nafasi hiyo, ndiyo kawaida yake. Ondoa mguu kwenye mafuta, uifungue tena.

Kwenye kipilefti, punguza mwendo, tazama kulia, wapishe waliomo ndani. Indiketa ya kushoto iwashe ukishapita njia iliyo kabla ya yako. Ukipitiliza, zunguka tena, usikate ghafla.

Honi nyingi maana yake ni "nipo hapa". Ya nyuma yako taa zikiwa nyekundu haikuhusu. Anayekuwashia taa kutoka mbele, usichukulie kwamba amekuruhusu: mara nyingi anasema anapita yeye.

Mvua ifanyie zoezi lake mwishoni, mchana, kwenye njia ile ile. Sekunde tatu ziwe sita, taa ziwashwe, na dimbwi usiloona chini yake ulikwepe, kwa kuwa huenda mtaro umefunikwa na maji.