Makala inakataa kufunguka? Kabla hujatoa hela jaribu hivi

Unaijua ile hali, umetafuta mpaka umeipata makala yenyewe kabisa, unabonyeza, unaletewa ikisiri, yaani muhtasari wa makala, ya mistari kumi na kitufe cha kukudai dola 30 na kitu. Usilipe kwanza. Mara nyingi chuo chako kimeshalilipia hilo jarida, shida ni kwamba tovuti haijui kama wewe ni mwanafunzi wa pale.

Anza kwa kuangalia uko wapi. Ukiwa kwenye waifai ya chuo, tovuti nyingi za majarida zinakutambua kwa anwani ya IP, ile namba ya mtandao unaotumia, hata pasiwedi hazikuulizi. Ukiwa nyumbani na bando lako zinakuona mpita njia tu. Kwahiyo usianzie Google, ingia kwenye tovuti ya maktaba kwa akaunti yako ya chuo afu utafute ukiwa humo humo. Maktaba nyingi zinatumia proksi, yaani unapitia seva ya maktaba ili tovuti ikuone kama uko chuoni, na hiyo utaijua ukiangalia anwani pale juu kwenye brauza, imerefuka na jina la maktaba yako limechomekwa ndani. Hilo jina likipotea ujue umebonyeza linki iliyokutoa nje, rudi uanze tena. Vyuo vingine vinatumia VPN, programu ya kukuunganisha na mtandao wa chuo ukiwa mbali, hapo unaiwasha kabla hujafungua chochote.

Kama huwezi kuishi bila Google Scholar, ile Google ya kutafuta makala za kitaaluma, sawa, ila nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya viungo vya maktaba, tafuta jina la chuo chako uweke tiki. Kama chuo kimejiunga, linki ya maktaba itakuwa inatokea pembeni ya matokeo.

Sasa kuna ile inayoudhi zaidi, umeingia vizuri na bado inakataa. Mimi iliwahi kunikesha, katalogi inasema jarida tunalo, nikibonyeza nakutana na malipo, nikabadili brauza, nikafuta kuki, nikabadili mpaka pasiwedi. Kumbe jarida tunalo kweli lakini kuanzia 2005 na makala yangu ni ya 1998, na ilikuwa imeandikwa pale pale chini ya jina la jarida kwa herufi ndogo. Yaani soma miaka! Kuna na kinyume chake, hifadhidata nyingine zinaficha matoleo mapya kwa miezi 6, 12 au zaidi kwa sababu mchapishaji ndo kataka hivyo, sio simu yako mbovu.

Vitabu vya mtandaoni navyo vina vituko vyake, ukiambiwa kinatumika na mtu mwingine ni kwamba leseni ni ya msomaji mmoja au wachache kwa wakati mmoja. Jaribu saa ambazo wenzako wamelala, na ukimaliza kirudishe.

Ikiwa kweli chuo hakina, kopi ile DOI, namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10., uitafute. Kuna kiongezi cha brauza kinaitwa Unpaywall, ni bure, kinakuonyesha kama kuna nakala halali ya wazi mahali. Kwenye Google Scholar bonyeza matoleo yote chini ya makala. Kuna pia hazina za makala za bure mtandaoni, watu wa tiba wacheki PubMed Central, wa fizikia na hesabu arXiv. Ila nakala utakayokuta inaweza kuwa ile ya mwandishi kabla haijapangwa na jarida, namba za kurasa hazitafanana, kuwa makini ukinukuu.

Halafu kuna mkutubi, sijui kwanini watu wanamwogopa. Anaweza kukuombea makala kutoka maktaba nyingine, inaweza kuchukua siku kadhaa, na mara nyingi hulipi kitu. Usimwandikie "haifunguki" tu, mpe kichwa cha makala, DOI, ulikuwa nyumbani au chuoni, na skrinishoti ya ujumbe uliotokea.

Mwandishi mwenyewe pia anaombeka, imeili yake huwa ipo kwenye ukurasa wa ikisiri. Mistari miwili inatosha: "Habari, mimi ni mwanafunzi, naandika kuhusu mada hii na maktaba yetu haina makala yako ya mwaka fulani, naomba nakala kama inaruhusiwa." Wengine wanajibu siku hiyo hiyo, wengine kimya mpaka leo, kwahiyo itume mapema na sio usiku wa kukusanya asaimenti.