Bukoba hadi Kampala kwa basi: mambo ya kushika

Panda basi la alfajiri, ukae dirishani. Ukifika Kyaka usisinzie: hapo majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la mto Kagera Novemba 1978, baada ya yeye kutangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto ni ya Uganda. Mama alikimbia na mimi mgongoni. Hadi leo hapendi mlio wa fataki, hata za harusini.

Mutukula, pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi, si ndani ya begi. Tangu 2017 kuna kituo cha pamoja: unapitiliza hadi upande wa Uganda, hukohuko unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia kwao. Zamani tulipanga foleni mara mbili, juani. Wabadilisha fedha watakuita "dada, dada". Hesabu noti zao kabla hujaachia zako.

Habari za vita usizianzishe wewe. Mzee wa Kiganda akizitaja, msikilize. Wengi waliwashangilia askari wetu walipoingia Kampala Aprili 1979.