Kuhesabu mistari kwa wc: chunga mstari wa mwisho

Kama unatunza mauzo ya samaki ya mwalo wa Kirumba, Mwanza, faili moja la CSV (jedwali la maandishi, safu zikitenganishwa kwa koma) kwa kila siku, usiyafungue moja moja kuhesabu rekodi. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), ingia kwenye folda yenye mafaili, kisha andika amri ya wc, inayohesabu mistari na maneno:

wc -l *.csv

Utapata idadi ya mistari ya kila faili, na jumla yake chini kabisa. Ukitaka namba tupu bila jina: wc -l < jumatatu.csv

Lakini wc haihesabu mistari kama unavyoiona kwa macho. Inahesabu alama za kumaliza mstari, kwa hiyo mstari wa mwisho usiofungwa kwa Enter hauhesabiwi. Chukua faili lenye kichwa (mstari wa majina ya safu) na mizigo 40 ya sangara na dagaa, kila mzigo mstari wake, na mstari wa mwisho haukufungwa. Kichwa kinaongeza moja, mstari wa mwisho unapunguza moja, wc inatoa 40. Jibu ni sahihi kwa bahati tu, na hilo ndilo kosa baya zaidi, maana kesho faili likifungwa vizuri utapata 41 na kuanza kuutafuta mzigo hewa. Njia salama ni hii:

tail -n +2 jumatatu.csv | grep -c '[^[:space:]]'

Inaruka kichwa, inaacha mistari mitupu, na mstari wa mwisho unahesabiwa.

Kuhesabu maneno tumia wc -w, ila kwenye ripoti ya maandishi tu, si kwenye CSV. Inatenganisha kwa nafasi, hivyo "sato,12,kilo" kwake ni neno moja.