Makosa ya maandishi kwenye tiketi ya trafiki: yapi yanakusaidia?

Jina lako likiandikwa Okelo badala ya Okello, usitegemee tiketi ya EPS (faini ya papo hapo ya trafiki nchini Uganda) kufutwa. Sheria ya Uganda inamruhusu hakimu kurekebisha hati ya mashtaka yenye dosari, mradi mshtakiwa apewe nafasi ya kujibu.

Kosa lenye uzito ni lile linalogusa ushahidi wenyewe: namba ya gari isiyo yako, tarehe ambayo gari lilikuwa gereji, barabara ambayo hukupita, au kosa la kisheria tofauti na ulichofanya. Hapo upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ni wewe uliyetenda kosa hilo. Herufi moja ya namba ikikosewa, linganisha na logibuku (hati ya usajili wa gari) papo hapo.

Usiirekebishe tiketi kwa kalamu yako, utajiharibia ushahidi. Ipige picha, kisha tafuta risiti ya gereji yenye tarehe. Nenda kituo cha polisi kilichoitoa kabla muda wa kulipa haujaisha, na nakala mkononi. Wakikataa, una haki ya kwenda mahakamani badala ya kulipa. Usilipe kwanza ukidhani utabisha baadaye: kulipa ni kukubali kosa.