Kufuatilia baada ya mahojiano ya kazi ya mtandaoni

Ukishahojiwa na kampuni ya ng'ambo kwenye Zoom au Google Meet, usifunge laptopu bado. Chukua dakika 10 uandike mambo manne daftarini: majina na vyeo vya waliokuhoji, swali lililokutatiza, shida ya kazini ambayo wao wenyewe waliitaja, na tarehe waliyoahidi kutoa jibu. Hilo la tatu ndilo lenye thamani zaidi. Waombaji wengi huandika "asante kwa muda wako" na kuishia hapo. Ni wachache wanaoonyesha kwamba walisikiliza.

Ujumbe wa shukrani utume ndani ya saa 24. Jibu kwenye barua pepe ileile ya mwaliko badala ya kuanzisha mpya, ili anayesoma aone tarehe na nafasi uliyoomba bila kutafuta. Kama huna anwani ya meneja aliyekuhoji, mwandikie aliyekualika na umwombe akufikishie salamu. Usimsake meneja kwenye WhatsApp. Kama walikuhoji watatu, kila mmoja mwandikie kivyake na utaje jambo aliloliuliza yeye, kwani waliokuhoji huoneshana barua za waombaji, na barua tatu zinazofanana neno kwa neno zitakuaibisha.

Maneno 100 hadi 150 yanatosha. Barua utaiandika kwa lugha ya mahojiano, na kwa kawaida itakuwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu. Baada ya salamu na jina la unayemwandikia:

"Asante kwa mazungumzo ya jana kuhusu kazi ya huduma kwa wateja. Ulisema barua za wateja hurundikana kila Jumatatu. Ningeanza kwa kutenga zinazohusu malipo na zinazoulizia mizigo, kisha niandae majibu ya maswali matano yanayojirudia zaidi. Asubuhi ya Kisumu ni usiku kwenu, kwa hivyo sehemu kubwa ya rundo hilo ingekuwa imejibiwa mkifika ofisini. Mtandao ulikatika nikijibu swali la ratiba: naweza kuwa kazini hadi saa sita mchana ya New York. Nitasubiri jibu tarehe 14 kama mlivyosema."

Angalia vile kukatika kwa mtandao kumepewa sentensi moja tu, tena yenye jibu ndani yake. Aya nzima ya kuomba msamaha humkumbusha msomaji tatizo lile alilokuwa ameshalisahau. Mshahara usiuguse hapa. Na kabla ya kutuma, soma jina la kampuni kwa sauti. Ukinakili barua ya ombi lingine, jina la kampuni ile nyingine hubaki mahali usipotarajia.

Sasa hesabu saa. Kenya haibadilishi saa zake, lakini Marekani na Uingereza hubadilisha. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi jioni kwetu kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, kisha inakuwa saa kumi na moja. London, saa tatu yao ni saa tano asubuhi kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa sita mchana wakati wa baridi. Barua inayofika watu wakifungua ofisi husomwa mapema. Inayofika usiku wao, asubuhi hukutwa chini ya nyingine nyingi.

Hapo kuna shida ya huku kwetu. Kisumu na Kakamega mvua ya radi hupenda kunyesha alasiri na jioni, saa zilezile New York inapoamka, na stima hupotea. Andika barua asubuhi, kisha kwenye Gmail uipangie saa ya kutumwa. Ikishapangwa itatoka yenyewe hata kama nyumbani ni giza na bando limeisha.

Wakikupa kazi ya majaribio, uliza tarehe ya mwisho ni kwa saa za wapi: mwisho wa saa za kazi Ijumaa New York ni usiku wa manane au baadaye kwako. Ukituma kiungo cha Google Docs, kifungue kwanza kwenye simu ambayo haijaingia kwenye akaunti yako. Ukiombwa ruhusa hapo, na wao wataombwa, na wengi hawatajisumbua. Waarifu pia wadhamini wako, yaani watu uliowataja wakushuhudie, siku hiyohiyo. Mwalimu wako wa zamani kule Nakuru huenda asipokee simu inayoanza na +1 (Marekani) au +44 (Uingereza) kama hakuambiwa aitarajie.

Tarehe ya ahadi ikipita, ongeza siku mbili za kazi, kisha uulize kwa sentensi tatu. Kama hawakutaja tarehe, ngoja siku saba za kazi. Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu kubwa Marekani, kwa hivyo wiki hiyo usiihesabu. Kimya kikiendelea, uliza mara ya pili baada ya wiki moja, kisha uache. Ujumbe wa tatu hauharakishi uamuzi, na huenda ukawakera waliokuwa bado wanakufikiria. Muda huo wote endelea kuomba kazi nyingine.

Jibu zuri likija, tazama anwani lilikotoka: baada ya alama ya @ liwe jina la tovuti ya kampuni yenyewe. Anayekutaka utume pesa kwa M-Pesa ili kulipia mafunzo, usajili au laptopu ni tapeli, hata kama mahojiano yalikuwa ya heshima. Omba mkataba wa maandishi unaotaja kiasi, sarafu, siku ya malipo na njia ya kulipwa. Ukitakiwa kutuma nakala ya kitambulisho na namba ya benki kabla ya hapo, jibu kwamba utazituma mkataba ukishasainiwa na pande zote mbili.