Namna ya kumshika mkono mjumbe mpya wa kamati ya ulinzi wa watoto

Mwongozo huu ni kwa ninyi mliokwisha kukaa kwenye kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zile ambazo mitaani na vijijini wengi tunaziita kamati za MTAKUWWA, yaani Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto. Mjumbe mpya hupewa semina ya siku chache na kitabu, kisha anarudi mtaani. Semina haimwandai mtu kukaa kwenye mkeka wa nyumba yenye tuhuma huku bibi mwenye nyumba anamkaribisha chai. Hilo atajifunza kwako.

Hatua ya 1: Mjue kabla hujamkabidhi shauri

Kaeni mahali tulivu. Muulize ana ndugu gani mtaani, anafanya kazi saa ngapi, na kuna jambo gani ambalo asingependa kukutana nalo. Swali hilo la mwisho usimlazimishe kulijibu. Wapo waliopitia ukatili wenyewe utotoni. Mtuhumiwa akiwa shemeji yake au anayempa kibarua, shauri liende kwa mjumbe mwingine.

Kisha mweleze mipaka. Upelelezi ni wa polisi. Sisi tunaona, tunasikiliza, tunaandika, tunafikisha taarifa na kufuatilia hadi mtoto awe salama.

Hatua ya 2: Nendeni wawili

Ziara ya kwanza zungumza wewe, yeye atazame. Ya pili mbadilishane. Hapo jizuie. Akisitasita, mwache ajitafutie neno. Ukimkatiza mbele ya wenye nyumba, kesho hawatamheshimu.

Kuna mambo mawili tu ya kukufanya uingilie papo hapo. La kwanza ni kumwahidi mtoto, "Sitamwambia mtu yeyote." Ahadi hiyo hataweza kuitimiza, na mtoto atajua kuwa mtu mzima mwingine amemdanganya. Mfundishe aseme, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na nitakujulisha ni nani." La pili ni kumhoji mtoto undani wa tukio. Afisa ustawi wa jamii na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto ndio wenye kazi hiyo. Kila anaporudishwa kusimulia upya, mtoto anaumia tena, na maneno yake yanaweza kuyumba hata kesi ikaharibika.

Hatua ya 3: Daftari la safu tatu

Ukiwa na muda wa kumfundisha jambo moja tu, mfundishe hili. Mchoree safu tatu: NILIONA, NILISIKIA, NADHANI.

Mjumbe mpya huandika hivi: "Mtoto anateswa na mama wa kambo." Usimkaripie. Muulize, "Uliona nini, dada?" Mkikaa mkachambua pamoja, sentensi ile inageuka hivi:

NILIONA: Saa 10 jioni. Mtoto wa kiume, kama miaka 7. Alama tatu za mistari kwenye mguu wa kulia, moja ina kidonda kibichi.
NILISIKIA: Jirani amesema mtoto hulala jikoni.
NADHANI: Anapigwa, pengine hapati chakula cha kutosha.

Afisa ustawi akisoma haya anajua pa kuanzia. Sentensi ya kwanza ingempa lawama tu, na huenda aliyempiga si mama huyo. Jina la mtoto lisiandikwe. Tumieni alama mnayoielewa ninyi na afisa. Daftari lifungiwe, lisionekane mezani, na picha ya mtoto isitumwe kwenye kundi la WhatsApp, hata lile la kamati.

Hatua ya 4: Mpitishe njia ya taarifa kwa miguu

Mpeleke ofisi ya mtendaji, kwa afisa ustawi, dawatini na kwenye kituo cha afya, akasalimie na kuacha jina lake. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, aihifadhi kwenye simu; kupiga ni bure.

Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa hasubiri kikao. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea inapunguza uwezo wa dawa hizo kumkinga. Asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa sababu nailoni hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Akiwa ameshaogeshwa, mpelekeni vilevile. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono ndiyo bora, maana huduma za tiba, polisi na ustawi hupatikana mahali pamoja.

Hatua ya 5: Mwandae kwa "tuyamalize kifamilia"

Hapa ndipo wapya wengi huvunjika. Wazee wataitwa, fidia itatajwa, na mjumbe ataambiwa anavunja ukoo wa watu. Fanyeni mazoezi: wewe uwe mjomba mwenye sauti kubwa, yeye ajibu. Jibu fupi na la heshima linatosha: "Shikamoo mzee. Nimewaelewa, lakini jambo hili si langu kulimaliza. Sheria inanitaka nitoe taarifa." Ni kweli: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Na kwa marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Elimu, kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Mbuzi wawili hawafuti kosa hilo.

Akitishiwa, shauri lipeleke wewe kwa jina lako.

Hatua ya 6: Mpigie simu usiku ule

Baada ya shauri zito usianze na ripoti. Uliza kama amekula, kama amelala. Akilia, mwache alie. Akianza kukwepa ziara au kumkaripia kila mzazi, mpumzishe na uongee na afisa ustawi amtafutie mnasihi.

Hatua ya 7: Muachie

Siku atakapokupigia kukujulisha alichofanya, badala ya kuuliza afanye nini, mpe shauri lake mwenyewe. Endeleeni kukaa na daftari mara moja kwa mwezi, na macho yako yaanzie kwenye safu ya NADHANI.